Magofu yana wenyewe: Wapenda matembezi wajihadhari na homa ya papasi

Wiki hii tuzungumzie matembezi ya miguu, yale ya kupanda vilima, kupita misituni na kuzuru majumba ya kale. Ni jambo jema na lina faida kubwa kwa mwili. Lakini nina kisa cha kuwasimulia, na ndani yake limo kosa langu mwenyewe. Nimeona nikinyamaza nalo, kosa hilo litarudiwa na mwingine, na pengine yeye hatakuwa na bahati niliyokuwa nayo mimi.

KUTEMBEA NI DAWA

Siku hizi katika zahanati zetu, hata za vijijini, tunapokea wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari. Zamani tuliyaita maradhi ya wakubwa wa mjini. Leo mama muuza maandazi anayo, na mwalimu wa madrasa anayo. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kukaa. Tunakaa dukani, tunakaa barazani, na tukitoka hatua mia tunaita bodaboda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, na mtoto wa umri wa shule dakika 60 kila siku. Kutembea kwa mwendo wa kutoka jasho kidogo kunatosha kabisa. Hakuhitaji uwanja wala kiingilio. Na Muislamu anayekwenda msikitini kwa miguu mara tano kwa siku ameshaanza mazoezi, isipokuwa pale msikiti ulipo ukutani kwake!

KILIMATINDE NA NJIA YA MISAFARA

Sisi tuliopo Kilimatinde, wilayani Manyoni, tumepewa mahali pazuri pa kutembea. Mji wetu upo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama ukingoni asubuhi, chini yako, zaidi ya mita 200, unaiona nyika ya Ugogo imetandazwa hadi upande wa Bahi, na mibuyu imesimama mmoja mmoja kama wazee barazani. Upande wa magharibi kuna vichaka vizito vya Itigi, ambavyo wenyeji wanajua kuwa mtu akiiacha njia hatua chache tu anaweza kupotea.

Hapa pia ni mahali pa historia. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na baada ya kuupanda ukingo wa bonde msafiri alikutana na Mgunda Mkali, pori kavu lililoogopwa na wapagazi kwa uhaba wa maji. Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliifanya Kilimatinde kituo chao cha kijeshi. Mwisho wa Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Waingereza yaliuteka mji huu. Lakini Kilimatinde ilikuwa imeshaanza kupungua umuhimu wake, kwani reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipandia upande wa Saranda na kupita Manyoni. Mji uliokuwa juu ya njia ukabaki kando ya njia.

Basi ukitembea hapa unatembea juu ya nyayo za watu wengi waliotangulia, na hilo nalo ni darasa.

SAFARI YA WANAFUNZI

Mwezi Juni mwaka jana, baada ya mitihani ya madrasa, Ustadh wetu alinijia akasema, “Dokta, vijana wamesoma kwa bidii. Nataka niwapeleke wakateremke ukingo, waone nchi yao. Nawe utusindikize, likitokea la kutokea tuwe na mtu.” Nilikubali kwa furaha. Mimi mwenyewe ni zao la madrasa, na nakumbuka jinsi matembezi ya namna hiyo yalivyotufurahisha.

Wasichana walitembea na walimu wao wa kike njia ya juu na kurudi kabla ya Alasiri. Wavulana 14 waliteremka nasi. Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri, tukapita eneo la boma la zamani ambako Ustadh aliwaeleza habari za misafara, kisha tukashika njia ya mteremko.

Tulipofika chini, kijana mmoja alijikwaa kwenye jiwe akateguka kifundo cha mguu. Mwendo ukawa wa kinyonga. Jua likatuchwea tukiwa bado nyikani. Na wanaoijua Manyoni mwezi Juni wanajua upepo wake wa usiku ulivyo. Karibu na njia palikuwa na gofu la tembe, nyumba ya zamani ya udongo, nusu ya paa imeanguka. Watu wa pale husema ilikuwa kambi ya wasafiri enzi za mababu. Vijana wakauliza kama wanaweza kulala ndani wajikinge na baridi. Ustadh akanitazama mimi. Nikamulika tochi pembeni kote nikitafuta nyoka, sikuona kitu, nikasema, “Laleni.”

Hilo ndilo kosa langu. Nilitafuta nyoka, sikumtafuta papasi.

Mimi na Ustadh tulilala nje kando ya moto. Vijana wakatandika mikeka juu ya vumbi la ndani wakalala. Asubuhi hakuna aliyelalamika, ila wachache walisema wana vipele vinavyowasha kidogo. Tukarudi mjini salama, na kila mtu akasifu safari.

HOMA ILIYOKWENDA IKARUDI

Siku ya nane, mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 13. Homa kali, kichwa kinamuuma, misuli inamuuma, anatapika. Nikampima kwa kile kipimo cha haraka cha malaria cha tone la damu. Hakuna malaria. Nikampa dawa ya kushusha homa na nikamwambia mama huenda ni mafua makali ya msimu. Siku ya tatu kijana alitoka jasho jingi usiku, asubuhi akaamka mzima, akaomba uji. Mama akanishukuru sana.

Baada ya wiki moja homa ilirudi, kali kama ya kwanza. Safari hii alikuja bibi yake pia. Bibi akasema, “Mwanangu, hii si homa ya hospitali. Mlimlaza mtoto katika gofu. Magofu yana wenyewe. Wamemshika, wanamwachia, wanamshika tena.” Tayari walikuwa wamemsomea na kumpa kombe.

Ndugu msomaji, sikumcheka bibi. Sisi Waislamu tunaamini kuwepo kwa majini, na kumsomea mgonjwa Qur'an ni jambo jema. Lakini kisomo hakizuii kipimo. Tena yule bibi, kwa neno lake moja, alinifumbua macho kuliko kitabu changu. Alisema gofu. Mimi niliyekuwepo pale usiku ule sikukumbuka kumuuliza mgonjwa wangu alilala wapi, kwa sababu nilidhani najua.

Nikachukua damu papo hapo homa ikiwa juu, ikawekwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini. Wakaonekana vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi. Ni homa ya papasi. Tukawaita vijana wote 14. Watatu wengine walikuwa na homa nyumbani, mmoja ameshanunuliwa dawa ya mseto ya malaria dukani. Mimi na Ustadh tuliolala nje hatukuugua.

PAPASI NI MDUDU GANI?

Papasi ni jamaa ya kupe, lakini tabia zake ni tofauti na kupe wa ng'ombe. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa, nawe ukamwona. Papasi hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, nusu saa hivi au pungufu, kisha hurudi kwenye ufa wake. Mara nyingi aliyelala hasikii kitu. Rangi yake ni ya vumbi, ngozi yake imekunjamana, na hana gamba gumu mgongoni. Akishashiba huvimba kama punje ya haragwe.

Makazi yake ni sakafu ya udongo, nyufa za kuta, pembe za nyumba na karibu na mafiga. Anapenda pakavu. Na ana subira ya ajabu, kwani anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula akimsubiri mtu aje kulala. Zaidi ya hayo, papasi jike huweza kuwarithisha watoto wake vijidudu vya homa kupitia mayai. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa si nyumba tupu. Bibi alisema kweli kwamba magofu yana wenyewe, tena wenyewe wana miguu minane.

Jambo hili lina historia na njia zetu hizi. Mwaka 1904 na 1905 matabibu waliokuwa wakichunguza homa hii katika Afrika Mashariki na Kongo walithibitisha kuwa inaletwa na papasi. Mmoja wao, Robert Koch wa Ujerumani, aliwakuta papasi katika udongo wa vibanda vya kupumzikia misafara katika nchi hii. Mwingine, Joseph Everett Dutton wa Uingereza, aliugua homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza, akafariki Kongo mwaka 1905, na kijidudu kikapewa jina lake. Wapagazi walibeba papasi ndani ya mizigo na mikeka bila kujua, na kila kambi waliyolala ikawa shamba la papasi.

KWA NINI HOMA HURUDI?

Dalili huanza siku chache hadi wiki mbili na nusu hivi baada ya kuumwa, mara nyingi karibu wiki moja. Homa hupanda ghafla, mgonjwa hutetemeka, kichwa, misuli na viungo vinauma, wengine hutapika au kupata macho ya manjano. Baada ya siku tatu hivi homa huvunjika kwa jasho jingi, na mgonjwa hudhani amepona. Kumbe mwili umewaua vijidudu wengi, lakini wachache wamebadilisha vazi lao la nje ili askari wa mwili wasiwatambue. Hao huzaliana, na baada ya wiki moja hivi homa inarudi. Inaweza kurudi mara kadhaa.

Hatari kubwa ni kwa mama mjamzito na mtoto mchanga. Mjamzito akipata homa hii anaweza kuharibu mimba au kujifungua kabla ya wakati, na kichanga anaweza kufariki. Hapa ndipo nilipostuka. Yule mama wa kijana wetu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimuuliza, “Mama, mkeka na blanketi alilolalia mwanao safarini viko wapi?” Akajibu, “Nimevikunja nimeweka chini ya kitanda changu, dokta, visiibiwe.”

Tulikwenda nyumbani kwake saa ileile na bwana afya. Tukavitoa nje, tukavikung'uta juu ya shuka jeupe. Wakadondoka papasi wawili. Mama aliketi chini akasema tu, “Alhamdulillah.” Blanketi likachemshwa, mkeka ukachomwa moto, sakafu na nyufa za chumba zikapigwa dawa. Nilimpima mama yule kila wiki hadi alipojifungua salama, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo kuliko kwa dawa yoyote niliyowahi kuandika.

KIPIMO NA TIBA

Naomba hapa msomaji aweke kituo. Kile kipimo cha haraka cha malaria ni kizuri na kimeokoa wengi, lakini kinatafuta malaria peke yake. Hakiwezi kumwona mdudu wa homa ya papasi. Kikisema hakuna malaria, maana yake ni hiyo tu, wala hakisemi kwamba huna ugonjwa. Zamani, damu ya kila mwenye homa ilipokuwa ikiangaliwa kwa hadubini, fundi wa maabara aliweza kukutana na mdudu huyu hata bila kumtafuta. Leo lazima tumtafute kwa makusudi. Kwa hiyo mwambie tabibu ulilala wapi, na omba damu iangaliwe kwa hadubini, tena wakati homa ipo juu, kwani homa ikishashuka vijidudu huwa wachache na ni vigumu kuonekana.

Tiba ipo na si ghali. Ni dawa za antibaiotiki, na tabibu atachagua inayomfaa mtoto, mtu mzima au mjamzito. Lakini usinunue mwenyewe dukani ukanywea nyumbani. Katika saa chache za mwanzo baada ya dozi ya kwanza, vijidudu vinapokufa kwa wingi, homa inaweza kupanda zaidi, mgonjwa akatetemeka sana na shinikizo la damu likashuka. Hali hii inaweza kuwa ya hatari, hivyo mgonjwa awe mahali anapoangaliwa. Vijana wetu wanne walilala wodini wakachungwa, na wote walipona.

JINSI YA KUJIKINGA

1. Usilale katika gofu, pango, banda la zamani au nyumba ya udongo iliyohamwa. Mchana ingia, tazama, jifunze, kisha toka. Ikibidi kulala safarini, lala nje mbali na kuta hizo, katika hema au chandarua.

2. Ukilala katika nyumba ya sakafu ya udongo, lala juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri chini ya godoro.

3. Ukirudi safarini, mikeka, mablanketi na mabegi yakung'utwe nje na kuanikwa juani kabla ya kuingizwa ndani. Nguo zinazoweza kuchemshwa zichemshwe.

4. Nyumbani ziba nyufa, na mwenye uwezo asakafie kwa saruji. Ukiona papasi mwite bwana afya au bibi afya. Usimpasue papasi kwa kucha, maana majimaji yake yana vijidudu.

5. Homa yoyote baada ya safari, sema ulikwenda wapi na ulilala juu ya nini. Walimu wa madrasa waandike majina ya waliosafiri, ili mmoja akiugua wengine waitwe.

MAJI NA MENGINEYO

Safari kavu kama yetu humaliza maji haraka. Kila mtu abebe ya kwake ya kunywa, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Tulipoona maji yanapungua, Ustadh aliwafundisha vijana kwa vitendo kwamba maji yakitosha kunywa tu, sheria inaruhusu kutayamamu. Nimeshawahi kumwona mtu aliyetumia chupa yake ya mwisho kwa udhu kisha akaanguka kwa kiu. Dini yetu haikumtaka afanye hivyo.

Madimbwi na mabwawa ya nyikani yana konokono wa kichocho. Msioge humo. Wala msikojoe humo, jambo ambalo Mtume wetu (S.A.W.) alilikataza katika maji yaliyotuama, na mzunguko wa kichocho unatuonyesha hekima yake. Vaa viatu vya kufunika mguu, kwa ajili ya kifutu anayelala njiani. Nyoka akimuuma mtu, msichanje wala msikaze kamba. Mtulizeni, mvueni pete na bangili, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali mara moja.

Wasomaji wetu wa Muheza wenye msitu wa Amani, wenye nyumba za Wajerumani waliojenga taasisi yao ya utafiti huko mwaka 1902, na ninyi wa Morogoro mnaokwenda Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, msidhani ninawasimulia ya Ugogo tu. Misitu yenye maji ina mbu wengi, na Amani yenyewe katika miaka ya 1950 ilikuwa makao ya taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki. Mawe ya kando ya maporomoko huteleza, na kila mwenye watoto awashike mkono. Tembeeni, lakini kila mahali muulize kwanza pana nini.

Mwaka huu vijana wameshaanza kumuuliza Ustadh lini watateremka tena ukingo. Tutakwenda, inshaallah. Tutaondoka Alfajiri, tutarudi kabla ya jua kuzama, na kama mtu atateguka mguu tutambeba. Gofu tutalitazama kwa mbali na kulisalimia.